Macho na Mpaka

Methali husema kwamba macho hayana pazia. Hutumiwa aghalabu kumtetea mtazamaji: kitu kikipita mbele ya jicho kitaonwa, na jicho halikutumwa na mtu. Kwa mtazamaji utetezi huo watosha. Lakini methali imenyamaza kabisa juu ya yule aonwaye. Haikusema kama yeye anayo pazia, na kama anayo, kamba yake imeshikwa na mkono wa nani. Swali hilo ni la kale, wala halina nchi moja. Ila ziko nchi ambamo limejitokeza kwa sura iliyo wazi kuliko kwingine. Nchi moja ya namna hiyo ni Japani, na sura yenyewe ni sanaa ambayo wengi huidharau bila ya kuitazama, na wengine huitazama bila ya kuifikiri: picha za wasichana wa gurabia.

Mtu aingiaye katika duka dogo la mjini Tokyo au Osaka, la aina ile isiyofungwa usiku wala mchana, hukuta safu ya magazeti ya kila wiki. Juu ya jalada la mengi yao yupo msichana aliyevaa vazi la kuogelea, akitabasamu. Nyuma yake pana bahari, au dirisha, au uwanja wa majani. Baadhi ya magazeti hayo ni ya habari na porojo. Mengine ni ya hadithi za katuni kwa vijana wa kiume, kama Young Jump lililoanza mwaka 1979 na Young Magazine lililoanza mwaka 1980, na hadithi za ndani hazihusiani hata kidogo na msichana wa jaladani. Kurasa chache za mwanzo ni zake, zilizobaki ni za wachoraji. Yuko pale kama mkaribishaji mlangoni, ambaye mgeni akishaingia hamwoni tena.

Kuwapo kwa picha hizo si ajabu. Kudumu kwake ndiko kunakotaka maelezo. Tangu intaneti ilipoingia majumbani, mwili wa binadamu usio na nguo umekuwa kitu rahisi kupatikana kuliko glasi ya maji, na hauna bei. Mwaka 2019 kampuni tatu kubwa za maduka hayo, 7-Eleven, Lawson na FamilyMart, ziliacha kuuza magazeti ya uchi, wala hapakutokea kilio kikubwa, kwa kuwa aliyetafuta uchi alikwisha kwenda kwingine siku nyingi. Magazeti yenye wasichana wa gurabia jaladani yalibaki mahali pake. Basi ni nini atafutacho yule aliyebaki, ambaye hutoa fedha mfukoni ili apate picha ya mtu aliyevaa nguo?

Liko jibu la haraka, nalo hutolewa sana na wageni. Husemwa kwamba Mjapani ana huruma ya pekee mbele ya vitu vipitavyo. Motoori Norinaga, mwanachuoni wa karne ya 18, aliieleza hisia hiyo kwa ustadi mkubwa, na tangu wakati wake ni shida kwa ua la sakura kuanguka bila ya kutajwa pamoja nayo. Msichana wa gurabia, kwa jibu hili, ni ua jingine la sakura: ana miaka ishirini na kitu, kiangazi kitakwisha, na mtazamaji analia ndani ya furaha yake. Jibu hilo lina ukweli. Walakini limetumiwa mno, mpaka limekuwa kama ufunguo ufunguao kila mlango, na ufunguo wa namna hiyo humfanya mtu aishuku milango. Vitu vyote hupita, na si vyote vinunuliwavyo kila wiki.

Jina lenyewe lina historia inayofaa kusimuliwa. Gurabia ni matamshi ya Kijapani ya neno la Ulaya lililotaja namna ya kupiga chapa, namna ambayo Karel Klíč, mzaliwa wa Bohemia, aliikamilisha mwishoni mwa karne ya 19. Picha huchimbwa juu ya silinda ya shaba ikawa vishimo vidogo visivyohesabika. Penye giza vishimo huwa na kina kirefu, penye nuru kina kifupi. Silinda huzunguka katika wino, wembe mrefu hufuta wino wa juu, na ule uliobaki vishimoni hunywewa na karatasi. Kivuli kipatikanacho ni kizito na laini kama mahameli, na ngozi ya binadamu hupata humo uhai usiopatikana katika chapa ya kawaida ya gazeti. Kwa ajili hiyo magazeti ya Japani yalitenga kurasa za karatasi bora kwa chapa hiyo, na kurasa zikaitwa kwa jina la mtambo. Baadaye mitambo ilibadilika. Leo kurasa hizo hupigwa aghalabu kwa ofseti, na picha nyingine hazigusi karatasi kamwe. Jina halikubadilika, lilihama kutoka mtamboni likaenda kurasani, na kutoka kurasani likaenda kwa wasichana wenyewe. Neno la pili waitwalo kwalo, aidoru, asili yake ni sanamu ya kuabudiwa. Hivyo msichana wa gurabia, kwa jina lake, ni sanamu iliyochimbwa katika shaba. Na hakuna kitu kisichofanana na tabasamu lake kuliko shaba.

Gazeti la Heibon Punch lilianza mwaka 1964, mwaka wa michezo ya Olimpiki ya Tokyo, likawa mwalimu wa vijana wa mjini katika mavazi, magari na wasichana. Jalada lake, kwa miaka mingi, lilikuwa mchoro wa mkono wa mwanamke, Ohashi Ayumi, wala si picha. Mwaka 1966 likafuata Weekly Playboy, ambalo halina undugu na gazeti la Marekani lenye jina kama hilo. Mwaka 1975 Agnes Lum, msichana wa Hawaii, alichaguliwa kuitangaza kampuni ya Clarion iliyouza redio za magari, na uso wake uliochomwa na jua ukajaa katika nchi nzima. Wengi humhesabu kuwa wa kwanza wa ukoo huu. Mwaka huo huo Shinoyama Kishin, mpiga picha aliyeishi tangu 1940 mpaka 2024, alianza katika gazeti la GORO mfululizo wake alioupa jina la picha kali. Heibon Punch lilikufa mwaka 1988, GORO mwaka 1992. Weekly Playboy lingali hai.

Lakini adhaniye kwamba jambo hili lilizaliwa pamoja na kamera amekosea kwa miaka mia mbili.

Karibu na mwaka 1768 palikuwa na kibanda cha chai mbele ya hekalu la Kasamori, pale Yanaka, katika mji wa Edo ambao sasa huitwa Tokyo. Aliyewaandalia wageni chai ni binti wa mwenye kibanda, jina lake Osen. Hakuwa kahaba wala mwigizaji. Alikuwa mwandazi wa chai. Mchoraji Suzuki Harunobu alimchora katika chapa za mbao za rangi nyingi, ufundi uliokuwa mpya siku zile, na chapa hizo ziliuzwa kwa bei ya watu wa kawaida. Watu wakamiminika Yanaka kutazama kama uso ni ule ule. Walikunywa chai, wakalipa, wakarudi kwao. Hawakupata kingine, na yamkini wengi wao hawakutaka kingine.

Kizazi kimoja baadaye Kitagawa Utamaro alifanya vivyo hivyo kwa Okita wa mkahawa wa Naniwaya na Ohisa wa Takashima. Hapo serikali ya shogun iliona hatari. Mwaka 1793 ilikataza kuandika juu ya chapa jina la mwanamke asiye wa mitaa ya anasa. Wachoraji wakajibu kwa mafumbo: pembeni mwa picha walichora vitu vidogo vidogo, ambavyo majina yake yakisomwa kwa kufuatana hutoa jina la msichana. Mwaka 1796 mafumbo nayo yakakatazwa. (Utamaro alitiwa pingu kwa siku 50 mwaka 1804, ingawa kosa lake wakati huo lilikuwa kumchora mtawala wa zamani, Toyotomi Hideyoshi, wauza chai hawakuhusika.)

Sheria ile yafaa kutazamwa kwa makini, kwa kuwa iligusa kiini. Haikukataza uso, ilikataza jina. Wakuu wale walifahamu kwamba mwanamke mzuri asiye na jina ni pambo la ukuta, na mwenye jina, mwenye mahali pa kukutwa, ni mtu. Na mtu ndiye awezaye kuuvuta moyo wa mji mzima. Magazeti ya leo yanalijua jambo hilo kwa upande wa biashara. Kando ya picha ya msichana huandikwa jina lake, mkoa aliozaliwa, kimo chake, na vipimo vitatu vya mwili wake kwa sentimita. Kisha huandikwa mambo ayapendayo: kupika, kutembea na mbwa, kupiga piano.

Vipimo vile vitatu ni fedheha, wala hapana haja ya kulizunguka neno hilo. Ndivyo mnada uandikavyo juu ya bidhaa. Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kamwe kuwa chombo tu, bali wakati wote atendewe pia kama aliye lengo kwa nafsi yake. Ukurasa huo waonekana kama umepangwa makusudi kumpinga. Hata hivyo, mstari wa mwisho haueleweki kwa hesabu ya mnada. Mnunuzi wa meza haulizi meza yapenda nini. Yule asomaye kwamba msichana apenda kupiga piano, na akafurahi kulijua, amekwisha kukiri kwamba anachokitazama si kitu, na kwamba kama kingekuwa kitu asingekitazama. Hapa ndipo ulipo mkanganyo wa sanaa hii nzima: imemfanya mtu kuwa bidhaa, na bidhaa hiyo haiuziki ila kwa kuwa ni mtu.

Aliyelifikiri jambo la karibu na hili kwa kina ni Kuki Shūzō, mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 1888, akasoma Ujerumani na Ufaransa, akawajua Husserl, Heidegger na Bergson, kisha akafundisha Kyoto mpaka alipofariki mwaka 1941. Mwaka 1930 alitoa kitabu kidogo juu ya neno moja, iki, ambalo watu wa Edo walilitumia kwa umaridadi wa aina yake. Alilichambua katika sehemu tatu: madaha, fahari isiyokubali kununuliwa, na utulivu wa moyo uliokwisha kukubali kwamba dunia haitoi yote. Neno madaha lina sifa na lawama ndani yake kwa pamoja, na hapa litumike kwa yote mawili. Madaha, kwa Kuki, yapo maadamu wawili hawajawa mmoja. Umbali ukipungua, madaha huzidi. Umbali ukiondoka, madaha hufa. Ufundi wake basi ni kusogea karibu kadiri iwezekanavyo bila ya kufika. Kwa sababu hiyo aliona iki zaidi katika nguo yenye milia iliyonyooka kuliko katika nguo ya maua, kwa kuwa mistari sambamba hufuatana daima na haikutani.

Kitabu cha picha cha gurabia kikifunguliwa na mtu aliyekwisha kumsoma Kuki, mpango wake hujulikana mara. Mwanzo msichana amevaa gauni, yu katika kituo cha reli cha kijijini, au anakula barafu yenye sharubati. Kisha ni bahari: Okinawa, Guam, Saipan. Mvua inanyesha, ameingia ndani, nywele zimelowa. Kuna chumba jioni, kuna shuka jeupe, kuna asubuhi. Mwishoni yuko njiani tena, amegeuka nyuma kuaga. Kila ukurasa umesogea, na hakuna ukurasa uliofika. Mpiga picha asiye na akili angedhani kwamba vazi ni kizuizi ambacho sheria imemlazimisha nacho. Sheria ipo kweli. Kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Japani, cha mwaka 1907, kingali kikihukumu machapisho ya uchafu. Lakini gurabia hukaa mbali sana na mpaka wa kifungu hicho. Hukaa nyuma ya mpaka wake yenyewe, kwa hiari, kwa kuwa huo ndio mali yake. Mpaka ukivunjwa, picha huingia katika bahari ya picha nyingine zisizo na bei, ikazama humo.

Na tabasamu? Wapinzani husema ni uongo uliolipiwa: linaangalia kioo cha kamera, na kila anunuaye hudhani linamwangalia yeye. Shtaka hilo si dogo. Lakini mwigizaji afaye jukwaani hajamdanganya mtu, maadamu watazamaji wanajua wako mbele ya jukwaa, na mnunuzi wa gurabia kwa kawaida anajua. Tabasamu hilo ni kazi, na kazi ngumu, kwa baridi ya asubuhi ufukweni, mbele ya watu kumi wenye taa na vioo. Uongo huanza pale mnunuzi anapotaka kuambiwa kwamba si kazi. Wapo wa namna hiyo. Kitabu kipya kitokapo hupangwa foleni dukani, na kila aliyenunua hupata kumwona msichana kwa nafasi ndogo ya kusema neno moja au mawili. Wako wanaojiridhisha kwa nafasi ile, na wako ambao huondoka wakiamini wamepewa ahadi. Kosa la wa pili haliwezi kuwekwa lote juu ya tabasamu.

Isidhaniwe kwamba ni wanaume peke yao watazamao. Nyumba ile ile iliyotoa Heibon Punch ilitoa mwaka 1970 gazeti la wanawake, anan, ambalo baadaye liliwavua mashati wanaume mashuhuri juu ya jalada lake na kuuzika vizuri. Wanawake nao hununua vitabu vya picha vya wanawake wenzao, kwa sababu nyingine pengine, ya kutaka kufanana. Madaha hayana jinsia moja. Mzigo wake, hata hivyo, haukugawanywa sawasawa.

Hapa Kuki anapungukiwa, na upungufu wake una mafunzo. Iki yake aliitafuta katika mitaa ya anasa ya Edo, na katika fahari ya wanawake wa huko. Lakini Yoshiwara, mtaa mashuhuri kuliko yote, ulizungukwa na handaki la maji, ukawa na lango moja. Wasichana waliingizwa humo wakiwa watoto, kwa deni la wazazi wao, na hawakutoka mpaka deni liishe au wao waishe. Umbali kati ya mwanamke wa Yoshiwara na mteja wake ulikuwapo, na ulipendeza, na washairi waliusifu. Ila handaki halikuchimbwa na yeye. Fahari isiyokubali kununuliwa iliwekwa kuwa pambo la mtu aliyekwisha kununuliwa. Ukahaba wa leseni ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1956, iliyoanza kuadhibu mwaka 1958, na Yoshiwara ya zamani ikafungwa. Lakini swali lilitoka langoni salama salimini, likaenda kungoja miaka michache mpaka magazeti yalipokuwa tayari.

Swali ni hili: mpaka ambao ndio uzuri wa picha umewekwa na nani? Picha mbili zaweza kufanana kwa kila kitu, bahari ile ile, vazi lile lile, na moja ikawa ya mtu aliyesema, hapa na si zaidi, na nyingine ya mtu aliyeambiwa hivyo na wengine, ambao kesho wataweza kusema, zaidi kidogo. Jicho haliwezi kuzitofautisha. Ndiyo maana maadili ya kutazama hayawezi kuamuliwa kwa kutazama. Wale wapimao upana wa kitambaa, wakisema hiki cha heshima na hiki si cha heshima, wanapima mahali ambapo kosa halikai. Kosa hukaa katika karatasi nyingine ambayo haichapishwi, nayo ni mkataba.

Wasichana wa gurabia wako chini ya ofisi za mawakala, na nguvu za pande mbili hizo hazilingani. Sheria ya Japani iliwahi kuweka kinga: kijana wa chini ya miaka 20 aliyetia saini bila ya idhini ya wazazi aliweza kuuvunja mkataba. Tarehe 1 Aprili 2022 utu uzima uliteremshwa ukaanza miaka 18, kwa sababu zenye heshima, na kinga ile ikawaondoka wenye miaka 18 na 19, ambao ndio hasa hutafutwa na kazi hii. Juu ya watoto hakuna mjadala. Biashara hii ilijinyosha mpaka kwa watoto wa shule, na hilo ni doa lisilo na udhuru: mtoto hawezi kuweka mpaka, kwa hiyo kila kilichosemwa hapa juu ya madaha na umbali hakimhusu, na anayekitumia kwa mtoto ameiba maneno. Sheria ya mwaka 1999 ilikataza kutengeneza na kuuza picha za ngono za watoto; ilichukua mpaka mwaka 2014 kumwadhibu pia awekaye picha hizo nyumbani kwa kujifurahisha.

Kwa mtu mzima mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa hapo hiari yawezekana, na panapowezekana hiari si haki kumfanya mtu mfungwa wa huruma za wengine. Koike Eiko alianza kwa gurabia. Mwaka 2022 aliigiza nafasi ya Hojo Masako, mke wa shogun wa kwanza wa Kamakura, katika tamthilia ya mwaka mzima ya televisheni ya taifa, na hakuna aliyeangalia vizuri aliyesema kwamba mwanamke yule hana mamlaka juu ya uso wake. Ayase Haruka wa Hiroshima naye alipita mlango huo huo kabla ya kuwa mmoja wa waigizaji wakubwa wa nchi yake. Lakini hadithi za waliofanikiwa hupendwa mno na wenye magazeti, kwa hiyo zitumiwe kwa kiasi.

Hadithi ya Ishikawa Yumi inafundisha zaidi. Naye alifanya kazi ya gurabia. Mwaka 2019, akifanya kibarua katika nyumba ya mazishi ambako wanawake walitakiwa kuvaa viatu vya visigino virefu, aliuliza hadharani kwa nini wanawake waumizwe miguu kazini hali wanaume wanavaa viatu vya bapa. Swali hilo likawa harakati yenye jina la #KuToo, neno lichezalo na maneno ya Kijapani ya kiatu na maumivu, na zaidi ya saini 18,000 zikapelekwa wizara ya kazi. Wako waliomjibu kwa hoja. Wako pia waliomsuta kwa kazi yake ya zamani, kana kwamba aliyewahi kuonekana ufukweni amepoteza haki ya kusema kitu juu ya miguu yake. Jibu hilo la pili ndilo sura halisi ya ubaya unaotafutwa katika kitambaa na haupatikani. Msemaji wake alidhani kwamba mtu akitoa kuonekana ametoa yote. Kwamba mpaka ukivukwa mahali pamoja hauko tena popote. Alikuwa ametazama picha za gurabia bila ya kuona kilichomo, yaani mpaka wenyewe.

Kuna umbali mwingine, ambao Kuki hakuwa na haja ya kuutaja kwa kuwa wakati wake ulijitunza wenyewe: umbali wa miaka. Mwaka 1770 Osen alitoweka kibandani. Aliolewa na mtumishi wa shogun, akaingia nyumbani kwa mumewe, akaishi mpaka mwaka 1827. Harunobu alifariki mwaka ule ule Osen alioondoka. Miaka 210 baadaye Yamaguchi Momoe, mwimbaji aliyependwa kuliko wote wa siku zake, akiwa na umri wa miaka 21, aliweka kipaza sauti chake juu ya sakafu ya jukwaa la Budokan, akaenda kuolewa, asirudi tena jukwaani. Wote wawili walikuwa na mlango wa kutokea, na waliutumia.

Msichana apigwaye picha mwaka huu hana mlango mzuri wa namna hiyo. Magazeti ya mwaka 1975 yaligeuka manjano, yakauzwa kwa uzito wa karatasi. Picha ya leo haigeuki manjano. Hunakiliwa usiku ule ule itokapo, na kila aliyeinakili ana yake. Akifika miaka hamsini, akiwa daktari wa meno au bibi wa mtu, atakuwa bado ana miaka 21 ufukweni Saipan, akigeuka nyuma kuaga watu ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile. Aliweka saini kwa kiangazi kimoja. Mkataba gani ungeweza kuandika kwamba siku moja atatakiwa asahauliwe, na nani angeutekeleza?

Edo ilikuwa na mzaha juu ya kuondoka kwa Osen. Ilisemwa kwamba mteja alifika Yanaka kutoka mbali, chapa ya Harunobu kifuani mwake, na aliyemletea chai ni mzee, baba yake Osen, mwenye upara unaong'aa kama birika. Mteja alitazama huku na huko, akacheka, akanywa chai yake, akalipa, akaenda zake.